Yule Aliyeinama Juu ya Bingwa

Mlango wa Chumba Namba Nne ulikuwa mrefu, mtu angepita na ngazi begani bila kugusa kizingiti, lakini kuna wazee waliokuwa wakiingia wameinama. Si wote. Ni wale tu wenye ugonjwa wa kusahau wa namna ya pekee, ambao leo akili zao timamu na kesho hawamjui mke, ambao miguu yao huburuta na wanaona watoto wadogo wamekaa jikoni kwao. Hao wakikaribia meza ya daktari walishusha vichwa kama mtu anayepita chini ya kamba ya kuanikia nguo, wakavuta kiti taratibu, wakakaa, ndipo wakasalimia.

Daktari hakuliona jambo hilo. Angeliona saa ngapi? Wafanyakazi wenzake walimbandika jina la Bingwa kwa kumcheka, naye, mtu mzima hovyo, akalipokea kwa mikono miwili akidhani anaheshimiwa. Ukutani alitundika vyeti sita. Kimoja kilikuwa cha kuhudhuria semina ya siku mbili kuhusu utunzaji wa mashine ya kunakili karatasi, lakini kilikuwa na muhuri mkubwa mwekundu, na kwa Bingwa muhuri ni muhuri.

Mgonjwa mmoja alimchukua dakika tisa. Leo siku gani? Tuko ghorofa ya ngapi? Nitakutajia vitu vitatu, uvikumbuke. Toa saba kwenye mia, endelea kutoa. Chora saa. Ndugu wa mgonjwa akifungua mdomo kueleza mambo yalianzaje, Bingwa aliinua kiganja kama askari wa barabarani. "Mimi nasoma ubongo," alikuwa akisema, "sisikilizi ngonjera."

Basi mzee mwenye masikio yaliyoziba nta alionekana amesahau, maana hakusikia swali. Mama aliyezika mume wiki iliyopita alionekana amesahau. Bibi aliyekuwa akinyweshwa vidonge vya usingizi na mwanawe ili asisumbue wageni, naye amesahau. Wote waliandikiwa ugonjwa ule ule. Nta ingetoka kwa maji ya vuguvugu na dakika kumi za subira, lakini nani ashike sikio la mzee wa watu? Bingwa? Thubutu!

Kila mgonjwa alikuwa na fomu ya kurasa mbili. Swali la kumi na moja liliuliza: Je, mgonjwa anaona au anasikia vitu visivyokuwepo? Kulikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na chini yake mstari mtupu wenye neno Eleza. Kwa miaka minne Bingwa alitia alama kwenye sanduku na kuuruka mstari. Hakuwahi hata mara moja, hata kwa bahati mbaya, kumwuliza mtu: unaona nini?

Aliyeuliza alikuwa Sista, muuguzi wa chumba hicho, mwanamke mnene wa sauti ya chini aliyekuwa akipima presha nyuma ya pazia kwenye kona. Wazee walimwambia mambo wakati mkanda unabana mkono. Yeye akaona ni dhambi kuyaacha yapotee, akawa anayaandika kwa penseli kwenye ule mstari baada ya daktari kumaliza. Anaandika, anaweka faili kabatini, anamwita anayefuata. Faili zilikuwa nyingi na siku fupi, naye hakuwahi kurudi kuyasoma.

Ndipo akaja Fundi.

Fundi alikuwa seremala wa miaka sabini na nne ambaye maisha yake yote alifunga dari, na nusu ya nyumba za mji ule watu walilala chini ya mbao alizopigilia yeye. Aliletwa na binti yake, karani wa mahakama, mwanamke ambaye kazi yake kutwa nzima ni kuandika wanachosema watu bila kuongeza wala kupunguza. Waliishi wawili tu, baba na binti. Mzee aliinama, akavuta kiti, akakaa. Bingwa, ambaye kwa umri angepaswa kutoa shikamoo, alisema, "Siku gani leo?"

"Jumanne, daktari."

"Chora saa."

Mzee alichora duara safi bila kuinua kalamu, duara ambalo Bingwa mwenyewe asingeliweza, kisha mkono ukaanza kutetemeka na namba zikarundikana upande mmoja. Akaiweka kalamu chini kwa aibu. Halafu akatazama juu ya kichwa cha daktari, akakunja uso kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Daktari, hili dari nani alilifunga?"

"Jibu maswali. Usiulize."

"Nauliza kwa sababu hizi ni mbao nyembamba. Haziwezi kumbeba yule."

Bingwa alicheka, akamgeukia binti. "Anaona vitu, eh?"

"Nyumbani anaona watoto jikoni, na paka," alisema binti. "Hawamsumbui. Anawapisha tu wapite. Daktari, nilitaka nikueleze usingizi wake, anapiga mateke na kupiga kelele, na siku nyingine anaamka mzima kabisa halafu jioni —"

Kiganja kikainuka. Alama ikatiwa kwenye Ndiyo. Mstari ukarukwa. "Maruweruwe," alisema Bingwa, "yana sindano yake." Akachoma mwenyewe, harakaharaka, maana dakika tisa zilikuwa zimeshapita.

Jioni ile ile Fundi alikakamaa. Taya zikagoma kutafuna, shingo ikagoma kugeuka, vidole vikajikunja na kubaki hivyo. Siku nne binti alimgeuza kitandani kwa nguvu zake zote, akamdondoshea maji kinywani kwa kijiko, tone kwa tone, akiogopa atapaliwa. Alipiga simu kliniki akaambiwa daktari yuko kwenye kikao. Alimpigia kaka yake mkubwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Mkurugenzi kwa sababu aliongoza kila kitu akiwa mbali.

"Hilo jini," alisema Mkurugenzi kwenye simu, bila kufikiri hata dakika. "Natuma mganga."

Mganga naye alikuja na chungu chake. Alimfunika mzee blanketi na moshi humo humo ndani, akaanza kulifokea jini litaje jina lake, huku mzee akikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Binti alilivuta blanketi, akamtupia mganga chungu chake mlangoni. Watu wawili walikuwa wamemshughulikia baba yake wiki hiyo, mmoja kwa sindano na mwingine kwa moshi, kila mmoja amejaa kiburi hadi puani, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mzee anaona nini.

Siku ya tano mwili ulilegea. Maneno ya kwanza ya Fundi yalikuwa ya kunong'ona.

"Mwanangu, usinirudishe kwa yule daktari."

"Sikurudishi ukachomwe, Baba. Lakini daktari mwingine hatupokei bila barua ya rufaa, na barua anasaini yeye, tena mgonjwa akiwepo."

"Sindano siiogopi kama yule wa darini." Mzee alimshika mkono. "Nilimpima kwa macho. Kidevu chake kilikuwa shubiri moja juu ya nywele za daktari. Na anateremka."

Binti alimfunika shuka, akamwambia apumzike. Alijua baba yake mgonjwa. Alijua pia kwamba katika miaka hamsini ya ufundi, mzee huyu hajawahi kukosea kipimo.

Wiki hiyo hiyo Sista alitafuta faili la Fundi kabatini ili aandike habari za kukakamaa kule. Adhuhuri ilikuwa, Bingwa ameenda kula, jua limejaa dirishani, na koridoni wanasikika watu wakizungumza. Alipolivuta faili, mengine yakamwagika sakafuni, yakafunguka kwenye ukurasa wa pili, na akaona mwandiko wake mwenyewe wa penseli. Akachutama ayaokote. Akaanza kusoma.

Mshona viatu, miaka minne iliyopita: Kuna mtu kwenye pembe ya dari, amekunja magoti. Mama muuza maua, miezi michache baadaye: Mrefu sana, amejikunja darini, anamtazama daktari. Dereva wa zamani: Ametoa shingo. Mwalimu mstaafu wa kike: Shingo haina mwisho, na inalia kok, kok, kok anapoishusha. Harufu ya kucha zilizoungua. Mlinzi: Mwambieni daktari asisimame ghafla.

Sista aliketi sakafuni. Akayapanga mafaili kwa tarehe, kumi na saba kwa jumla, ya watu wasiojuana, kutoka mitaa mbalimbali, waliotibiwa miaka tofauti, akasoma tena kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na kadiri tarehe zilivyosogea mbele ndivyo yule kiumbe alivyosogea chini, kutoka pembeni hadi katikati, kutoka darini hadi usawa wa taa, kutoka usawa wa taa hadi juu ya kiti, na wakati wote huo, kila mmoja wao alipotoka chumbani, daktari alikuwa ametia alama yake kwenye Ndiyo, amefunga kalamu, na kuuacha mstari mtupu. Sista alisikia mbao za dari zikilia kidogo, mara moja, juu ya kiti cha daktari ambacho hakikuwa na mtu. Hakuinua macho. Alikusanya mafaili kifuani, akatoka kinyumenyume.

Jumanne iliyofuata alimsubiri binti kwenye korido, akamvuta kando karibu na mtungi wa maji.

"Dada, nisikilize haraka," alinong'ona. "Daktari ameandika sindano maradufu. Wagonjwa wa aina ya baba yako, wanaoona watoto jikoni na kuburuta miguu, sindano hiyo haiwafai kabisa. Ile ya kwanza imemkakamaza siku nne. Hii itamuua."

"Sikuja kwa sindano. Nimefuata barua ya rufaa."

"Hatasaini. Hajawahi kumwachia mgonjwa aende kwa mwingine, anaona ni kushindwa." Sista alitazama nyuma yake. "Na jambo lingine. Mwulize baba yako anaona nini. Mle ndani. Kwa sauti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nina mafaili kumi na saba, dada yangu, na mimi ni mtu mzima, na leo nimeshindwa kuingia mle peke yangu kufungua dirisha."

Waliingia watatu. Mzee aliinama zaidi ya mara ya kwanza, karibu na kutambaa, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Sindano ilikuwa imeshajazwa, iko kwenye sinia mezani, maana Bingwa alipenda kazi iende mbio.

"Daktari, naomba saini yako hapa," alisema binti, akaweka barua mbele yake. "Nampeleka Baba kwingine."

"Kwingine wapi?" Bingwa alitabasamu. "Mabingwa wangapi unawajua?"

"Sindano yako imemkakamaza siku nne. Maji nilikuwa nampa kwa kijiko."

"Ina maana dozi ilikuwa ndogo. Sista, mchome."

"Sichomi," alisema Sista.

Hebu fikiria. Miaka minne ya kutumwa na kutii, na neno moja. Bingwa alitoa macho. Akanyoosha mkono mwenyewe kwenye sinia. Ndipo binti akamgeukia baba yake, akavuta pumzi, akauliza swali ambalo katika chumba kile halijawahi kuulizwa kwa sauti.

"Baba, unaona nini?"

Mzee alitazama juu. Alieleza polepole, kwa adabu, kama anavyoeleza fundi nyumba ya mtu. Alisema yule kiumbe amekalia mbao za dari kwa makalio na nyayo, na mbao zimepinda, na magoti yake yamepita masikio. Alisema ngozi yake ni kavu na ya kijivu, na kucha zimejikunja na nyingine zimeungua. Alisema shingo imetoka mabegani ikashuka na inaendelea kushuka, pingili baada ya pingili, na kila pingili ikijifungua inalia, na hapo wote wakasikia, kok, kok, kok, juu yao, taratibu, kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja bila haraka yoyote, na harufu ya kucha zilizoungua ikaingia puani mwao, kali, ikawatoa machozi, na taa ya darini ikayumba ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na mzee, ambaye sasa sauti yake ilikuwa imeshuka hadi kuwa pumzi tu, alisema uso hauna hasira hata kidogo, uso una hamu, umetulia, unamtazama daktari utosini, na kidevu sasa kiko vidole viwili tu juu ya nywele zake.

Bingwa akatazama juu.

Binti hakuona kitu darini, ila mbao zilizopinda. Lakini aliuona uso wa Bingwa, na baadaye alisema angependa asingeuona. Rangi ilimtoka. Mdomo ulilegea. Macho yalisimama mahali pamoja, kisha yakafuata kitu polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, umbali wa kichwa kinachogeuka ili kukutazama vizuri.

"Umemwona," alisema binti.

Bingwa alishusha uso mezani harakaharaka. "Sijaona kitu."

"Umemwona. Sema tu, baba yangu asichomwe. Sema na wewe umeona."

Lilikuwa jambo dogo. Neno moja, na roho ya mzee wa watu ingekuwa salama. Lakini akisema ameona, basi ama yeye ni mgonjwa kama hawa anaowadharau, ama hawa anaowadharau walikuwa wakweli miaka minne, na yote mawili yalimshinda. Kuna watu wangeacha nyumba iungue na watoto ndani kuliko kukiri kwamba wao ndio walioacha mshumaa unawaka. Bingwa alikuwa mmoja wao, tena mwenye cheti.

"Mgonjwa ana maruweruwe," alisema, sauti ikimkwaruza. "Nitamchoma mimi."

Akaichukua sindano. Akakaza mikono kwenye meza ili asimame. Makalio yalipoinuka kidogo tu kutoka kwenye kiti, kitu kilimgusa nywele. Wote watatu waliona nywele zake za utosini zikilala, kama zimelazwa na kiganja. Akakaa tena. Akakaa kabisa, mabega yamejikunja, jasho linamtiririka shingoni.

Binti alisukuma barua hadi chini ya pua yake. "Saini," alisema. "Hii haihitaji kusimama."

Akasaini! Bila kusoma, bila kuinua uso, herufi zimepinda vibaya kuliko namba za mzee kwenye ile saa. Binti aliikunja barua, akamshika baba yake mkono. Mlangoni Fundi aligeuka. Mzee yule, ambaye daktari huyu alitaka kumuua kwa uvivu wa kuuliza, alimwonea huruma.

"Pole sana, daktari," alisema. "Mwulize anataka nini. Mimi wale wa jikoni niliwauliza. Walitaka kupita tu."

Wakaondoka. Na kwa upande wa Fundi habari zake ni njema, kadiri zinavyoweza kuwa njema habari za ugonjwa ambao haurudi nyuma. Daktari waliyempata alikuwa mwanamke kijana mwenye chumba kisicho na cheti hata kimoja. Alimsikiliza binti saa nzima. Aliuliza habari za usingizi, za mateke, za siku nzuri na siku mbaya; alimpima damu na masikio; aliandika jina la sindano ile kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili, kwamba mzee huyu asichomwe tena na mtu yeyote. Alimpa kidonge kidogo cha asubuhi. Alimfundisha binti kuweka taa yenye mwanga wa kutosha jikoni, kuondoa mazulia yanayokwaza, kufanya mambo yaleyale saa zilezile, na kutobishana na mzee kuhusu watoto anaowaona. Pia alimwambia apumzike, Mkurugenzi aje kulala na baba yake siku mbili kwa wiki. Mkurugenzi alikuja. Usiku wa kwanza tu mzee alimwamsha mara tisa, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akiongoza kitu kwa simu.

Yule wa darini Fundi hakumwona tena. Hakuwa wake.

Sasa turudi Chumba Namba Nne. Sista aliwasindikiza wageni wake hadi nje, akakaa nao kwenye benchi, akachelewa makusudi. Bingwa akabaki peke yake na ile sindano. Akajipa moyo kwa namna yake. Aliwaza kama msomi: ikiwa ni maruweruwe, dawa itayakata, nikijichoma nisipomwona tena, nitajua ni uchovu tu, na hakuna haja ya mtu kujua. Hakuwaza upande wa pili. Kuinua macho na kumwuliza aliyeko juu yake shida yake nini, kama alivyoshauriwa na mzee, hakukumjia akilini. Akapandisha mguu wa suruali, akajichoma pajani, dozi yote, ile maradufu.

Akangoja. Nusu saa ikapita, na harufu ya kucha ilikuwa pale pale. Saa moja ikapita, na kok ya shingo ikasikika tena, karibu zaidi, karibu kiasi kwamba aliisikia kwa mfupa wa kichwa na si kwa sikio, na hapo hapo akahisi ulimi unanenepa, na taya linavutwa upande, na misuli ya nyuma ya shingo ikaanza kumvuta kichwa nyuma, taratibu, bila yeye kutaka, akajaribu kukishika kwa mikono na mikono ikakataa, akajaribu kufumba macho na macho yakakataa, yakapanda, yakapanda, weupe ukaonekana chini na mboni zikagota juu, na uso wake wote, huo uliokuwa ukikataa kutazama mtu, ukageuzwa na dawa yake mwenyewe ukaelekezwa darini na kukazwa hapo.

Sista alipoingia alasiri alimkuta hivyo. Machozi yalikuwa yakimtiririka masikioni.

Alijua ni nini. Ni sindano ile, na aliijua dawa yake ya kulegeza misuli. Ilikuwa kwenye droo ya pili. Aliivuta kwenye bomba bila haraka. Kisha akachukua fomu mpya, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akafungua kalamu ya wino.

"Daktari, kabla sijakuchoma lazima nijaze. Je, unaona au unasikia vitu visivyokuwepo?"

Taya lilihangaika. "Ha… pa… na."

Sista alimtazama. Miaka minne alikuwa akimwogopa mtu huyu. Leo alimwona mdogo, mchafu wa jasho, mwongo hadi kwenye kaburi lake, na akajichukia kwa kila mara aliyowahi kumwita mheshimiwa. Akatia alama kwenye Hapana. Akamchoma.

Dawa ilifanya kazi. Dakika ishirini, na vidole vikanyooka. Taya likarudi mahali pake. Shingo ikalegea, Sista akaigeuza kulia na kushoto kwa mikono miwili, ikaenda bila shida. Kila kitu kililegea isipokuwa macho. Yalibaki yametazama juu, makavu sasa, hayapepesi.

"Umepona, daktari," alisema Sista. "Dawa imefika. Shusha macho, nikupeleke nyumbani."

Bingwa hakushusha. Midomo ilisogea, na Sista ilimbidi ainame karibu kabisa ndipo asikie.

"Siwezi, Sista. Nikiyashusha tu, anashuka."